Kifuniko Kilichofukuza Mupira

Mukaribie, bandugu, mukae vizuri. Ninyi ba rika yangu, ninyi mulimeza vumbi ya kiwanja ya Kimanga mbele ya kujua ladha ya bugali, hii habari ni yenu. Mwenye iko na mutoto mudogo amuache alie tu. Leo naongea juu ya kelele, na kama hakuna hata moja anayelia hapa, habari itakosa chumvi.

Imeanza na kuku. Juzi nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba, kuku yangu moja ikainama kunywa maji mu basini ya zamani, ikagonga chini na mudomo: ti. Sauti kidogo, sawa muntu anabisha hodi na hataki afunguliwe. Nikasimama na ufagio ku mukono, na macho yangu ikaanza kufanya maji yake yenyewe bila kuniuliza. Ile basini ilikuwaka ya Tantine Feza. Zamani ilikuwa nyeupe na maua ya bluu pembeni. Leo maua imekwisha, imebaki matundu, na minye nimeyaziba na sabuni ili kuku ipate kunywa. Tantine tulimuzika si zamani sana. Lakini harufu ya ndagala, zile samaki kidogo za ziwa, ingali mu ile basini. Mvua yote ya Uvira imeiosha, haikutoka. Siku ya mwisho malaika watapiga tarumbeta, makaburi itafunguka, na ile basini itakuwa bado inanuka ndagala.

Tantine Feza alikuwa dada mukubwa wa baba yangu. Aliuzisha ndagala ku soko, na mikono yake ilikuwa minene sawa kasia. Akikusalimia asubuhi, mpaka jioni unakula na mukono ya kushoto. Alipokuwa anacheka, mitumbwi ilikuwa inageuka mu ziwa. Minye sisemi uongo, uulize bavuvi.

Ile wakati tulikuwa tumetoka kurudi. Munajua kurudi. Kila muntu wa hapa iko na kurudi yake. Kelele ya bunduki ilianza kule ku milima, ikashuka, tukavuka muto ya Ruzizi na sufuria ku kichwa, tukakaa ng'ambo, kisha bakasema imetulia, tukarudi na ile sufuria. Sufuria ilirudi muzima. Minye nilirudi na ugonjwa.

Ugonjwa yangu ilikuwa hivi: kitu ikilia ba, minye niko chini ya kitanda. Sisemi kwamba nakimbilia chini ya kitanda, hapana. Kifuniko ikimuponyoka mama mu mukono, mbele iguse sakafu minye nimeisha fika, nimejikunja, nimepanga na pumzi. Kama kungekuwa mashindano ya kuingia chini ya kitanda, leo bangekuwa bamenijengea sanamu pale rond-point, kwenye barabara zinakutana, na mavumbi ku magoti.

Nyumba yote ikaanza kuishi polepole juu ya masikio yangu, ili nisishituke. Baba alikuwa anatoka inje kwenda kukohoa. Kikohozi ikiwa ndefu, anafika mpaka ku barabara, bantu wanamusalimia, anakohoa, anarudi. Mama alibeba kinu yake akaipeleka kwa jirani, ngambo ya mutaro, sombe yetu, majani ya muhogo, ikawa inatwangwa kule mbali sawa sombe ya muntu mwingine. Jogoo yetu iliwika asubuhi moja, muchana tukaikula. Hata paka ya nyumba ilianza kutembea polepole kupita vile paka inatembea. Na shule, musiniulize. Kengele ya shule ya kwetu ilikuwa jante ya kamiyo, chuma ya gurudumu ya lori, imetundikwa ku muti, mwalimu anaipiga na nyundo. Ile jante ililia mara ya kwanza, na mara ya mwisho, kwa upande wangu. Shule na minye tuliachana tukingali tunasalimiana.

Baba na mama hawakunigombeza hata siku moja. Lakini minye nilibaona. Mama alikuwaka anainama mulangoni, ananiangalia minye binti yake kule chini, anasema tu: "Mama yangu, utaishi wapi na sisi? Dunia yote iko na makelele." Hakuwa anacheka.

Siku moja ya Mungu, Jumapili, kisha misa, Tantine Feza akaingia na basini yake kwapani. Kufika kwake niliona miguu tu, maana minye nilikuwa kule ku makao yangu.

"Mutoto iko wapi?"

Mama akamuonyesha kitanda.

"Kumefanyika nini?"

"Jirani amefunga mulango."

"Ameufunga vipi?"

"Vizuri tu."

Tantine akachuchumaa. Uso yake ikajaa mule chini sawa mwezi inaingia mu chungu. "Weye wa chini. Toka, tunaenda ku mupira."

Baba akaruka, lakini akaruka polepole, asinishitue. "Dada, weye na basini zenu za kupiga ku mupira? Kule bananguruma mpaka samaki inahama. Utaniulia mutoto."

"Huyu mutoto unamuweka chini ya kitanda sawa viatu ya sikukuu. Nipe bugali."

"Uko na njaa?"

"Minasema nipe bugali."

Bakamupa bugali, ya muhogo, ile ya kuvutika. Akakata kidogo, akaviringisha, akafanya vitonge viwili vya kulingana, akaniziba navyo masikio, kulia na kushoto, akakandika na kidole sawa fundi anamaliza ukuta. Dunia ikazimika. Nikamuona baba anafungua mudomo, hakuna kitu inatoka. Tukaondoka. Njiani kuku zote za Kimanga zilitufuata, zinataka masikio yangu. Tantine anazifukuza na basini, zinarudi. Tulifika ku kiwanja sawa bibi harusi na bantu bake.

Sasa niwaonyeshe ile kiwanja vile nilivyoiona, maana sikuisikia. Bantu wa ekipe zingine za mupira banasimamaka nyuma ya wavu ya adui, ili bamutukane gardien wake, ule mwenye kulinda wavu. Bantu wa Kimanga hapana. Bo balisimama nyuma ya gardien wa kwao wenyewe. Sababu ilikuwa moja tu: gardien wetu alikuwa sentinelle, analinda depo ya muarabu usiku kucha, na muchana ukimuacha kimya anasinzia amesimama. Bantu balimuita Usingizi. Kelele yote ya Kimanga, mbele ya kuwa ya shangwe, ilikuwa ya kumuamusha Usingizi. Lakini hii njo nilikuja kuijua nikiwa mukubwa. Mutoto hakuna mwenye alimuelezea.

Nyuma yake balijipanga bamama ba ndagala na basini zao, kila moja na mwiko ku mukono. Pembeni kijana wa kupiga pipa, amevalisha pipa ngozi ya mbuzi, na ile mbuzi ingali na manyoya. Kisha Papa Klakson. Huyu alikuwaka shofere. Kamiyo yake ilikufa ku kilima kule Luvungi, bakauzisha mashini, bakauzisha magurudumu na mbao, yee akarudi Uvira na klakson tu, honi yake. Ukimuuliza habari ya kamiyo anakuambia: "Kamiyo iko. Sehemu zingine njo ziko safarini." Klakson aliifunga ku batiri, batiri akaiweka mu ngorofani, kigari ya kusukuma ya gurudumu moja, na ngorofani njo alikuwa anaendesha kiwanjani, kofia ya shofere ku kichwa, anapunguza mwendo ku kona.

Na minye, masikio imejaa bugali, nikaangalia. Mwiko inapanda, inashuka. Mashavu inajaa. Ngozi ya mbuzi inatetemeka manyoya. Vumbi inaruka juu ya pipa. Na kule mbele, mupira, kila mara bamama banapiga, inakimbia kwenda mbali, inakimbia, mpaka ku wavu ya upande ule mwingine.

Nikaelewa. Bandugu, vile nilielewa ile siku, sijaelewaka tena kitu yoyote namna ile.

Baba yangu alikuwaka muvuvi wa tamtam. Ninyi ba ku ziwa munaijua, na wenye hawaijui naeleza: bavuvi banatandaza wavu karibu na ufuko, kisha bengine banaingia mu maji upande mwingine, banapiga maji na fimbo, banagonga mutumbwi, banapiga makelele sawa bawazimu, samaki inaogopa, inakimbia, inajitupa yenyewe mu wavu. Leo banakataza ile uvuvi. Ile wakati njo ilitulisha. Na minye nikaona pale kiwanjani uvuvi ya baba yangu, kitu kwa kitu. Wavu iko kule. Benye kupiga biko huku. Mupira njo samaki. Wale banaume banakimbia mu kaptula bako tu mule ndani ya maji, banazuia samaki isitoke pembeni. Kazi yenyewe, kazi ya kweli, inafanywa na Tantine na basini yake.

Kitu moja tu ilinisumbua. Tukirudi nyumbani nikamuvuta Tantine kitenge, akanitolea bugali ya sikio moja.

"Tantine, yule muntu anasimama mu wavu kule ngambo, anashika na mikono, njo nani?"

"Gardien wao."

"Bamemuweka pale aharibu?"

Tantine akafikiri. "Ndiyo. Njo kazi yake, kuharibu."

"Na bantu banamuangalia tu?"

"Tufanye nini, mama? Kila kazi iko na muharibifu wake."

Basi ikawa imeisha. Muntu mukubwa amekubali.

Lakini kuna kitu kingine niliona ile siku, na hii Tantine sikumuambia, kwa sababu nilikuwa sina maneno yake. Mbele ya pale nilijua kelele ya namna moja tu, ile ya kufukuza bantu. Inapigwa kule ku milima, sisi tunakimbia. Sisi njo tulikuwa samaki. Na pale nyuma ya Usingizi, mara ya kwanza mu maisha yangu, niliona bantu ba kwetu, bamama benye walivuka Ruzizi pamoja na sisi na sufuria ku kichwa, biko upande ya kupiga. Banapiga na hawakimbie. Banapiga, na makalio inacheza.

Nikarudi siku ya Mungu iliyofuata. Na ile ingine. Tantine alikuwa anapunguza bugali kidogo kidogo, sawa daktari anapunguza dawa. Kitonge kikawa kidogo. Kisha sikio moja tu. Akanipa na kifuniko ya sufuria yake na kijiko ya muti. "Shika," akasema. "Hakuna mwenye atakuambia piga." Nilishika. Sikupiga. Nilikuwa nashika ile kifuniko sawa muntu anashikilia mutoto wa mwenzake, anangojea mwenyewe arudi. Kila mara alikuwa anageuka, ananiangalia, anaangalia kifuniko, anageukia basini yake.

Ikafika siku ya Sange.

Tangu Mungu afungue Ruzizi itelemuke, Kimanga haikufungaka Sange. Bantu ba Sange balikula muchele, bakapata miguu. Sisi tulikula ndagala, tukapata macho tu ya kuona vile banatufunga. Balikuja na kamiyo moja, lakini bantu benye walitelemuka mule bangejaza kamiyo ine, na kila moja na pembe ya ng'ombe mu mudomo. Pembe ndefu za kule mu bonde, ukiipuliza jino inacheza. Mwenye kubaongoza alikuwa mama moja mwembamba, mufupi, na sauti ya kuchana shuka.

Akasimama mbele ya Tantine. "Mama Ndagala, umeleta basini juu ya machozi?"

"Nimeileta juu ya kukuoshea, umejaa vumbi ya njiani."

"Leo tutapuliza mpaka mujifiche mu ziwa."

Pembeni ya kiwanja kulikuwa ng'ombe ya muntu, inakula majani, haina habari. Tantine akaionyesha na mwiko. "Mbele ya kupuliza, mumurudishie yule pembe zake. Amewafuata na miguu tangu Sange, hajapumuzika."

Hata bantu ba Sange walicheka. Yule mama mwembamba pia alicheka, lakini upande moja ya mudomo.

Bakaenda kusimama nyuma ya gardien wao, kule ngambo. Sisi nyuma ya Usingizi. Mupira ikaanza. Bandugu, ile kelele. Mabati ya soko ilijifungua misumari yenyewe. Kule Bujumbura bantu walianua nguo, bakajua ni mvua. Minye nilikuwa na bugali sikio moja, na ile ingine nimeikandamiza ku kiuno ya Tantine, na ile kiuno, munisamehe, ilikuwa inaziba kuliko bugali. Mitan ikafika, nusu ya mupira, ekipe zikabadilisha upande, na sisi sote tukahama na Usingizi wetu, tukazunguka kiwanja, basini, pipa, Papa Klakson na ngorofani anaonyesha na mukono kwamba anakata kushoto. Minye nikasema mu roho: unaona, wavu imehama, bavuvi nabo banahama. Hakukuwa tena kitu ya kuniambia.

Mupira ilikaribia kuisha, hakuna mwenye kufunga. Kisha kule mbali, mbele ya wavu ya Sange, nikaona muntu wetu ameanguka, filimbi ikapigwa, bantu bakashika vichwa. Penalti. Ya kwetu.

Sasa kulikuwa desturi ya bamama ba Kimanga, na minye hii sikuijua, kwa sababu tangu nianze kwenda kiwanjani hatukupataka penalti. Mupigaji wetu alikuwa kinyozi, kijana wa roho laini. Akisikia kelele ya kwetu anapiga inje, anaona sawa banamudai goli. Basi penalti yetu inapigwa kimya. Tantine akainua mwiko juu. Bamama bote bakageuza basini, bakazilaza chini, bakazikalia. Bakakaa juu yake kabisa, ili mukono ya muntu isimudanganye. Kijana wa pipa akalala juu ya pipa. Papa Klakson akatoa waya ku batiri, akavua na kofia.

Kimya.

Minye nikafikiri bugali imenenepa. Nikaingiza kidole, nikaitoa yote. Kimya bado. Halafu njo nikasikia, mara ya kwanza na masikio wazi, zile pembe za Sange. Zote. Zinalia pamoja, zinatoka kule, zinakuja huku, sawa ile kelele ya milima, sawa ile asubuhi ya sufuria. Na hapa kwetu hakuna muntu anapiga. Tumekaa. Tumenyamaza sawa samaki.

Miguu yangu haikuniuliza. Kitanda haikuwako, nikaingia chini ya ngorofani ya Papa Klakson. Nikajikunja, nikapanga pumzi. Mule chini kulikuwa harufu ya asidi ya batiri na vumbi. Na katikati ya gurudumu na muguu ya Papa Klakson, nikaona kiwanja yote, ndefu, na kule mwisho mupira. Iko peke yake. Nyeupe, kidogo, imewekwa chini. Na nyuma ya wavu ya kule zile pembe zinapiga, zinapiga, zinaifukuza. Zinaifukuza ije huku. Ije kwetu. Na Usingizi, mbele yangu, kwa sababu ya ile kimya, kichwa imeisha anguka ku kifua.

Nikasema mu roho: hawaoni? Itarudi. Kama hakuna mwenye anapiga, itarudi yote huku. Bamama biko juu ya basini, Tantine iko juu ya basini, kazi bameiacha.

Bandugu, sikutoka kwa ushujaa. Nilitoka kwa kukasirika, sawa baba alivyokuwaka anakasirika mu maji wakati mwenzake ameacha fimbo ili ajikune. Nikatoka kule chini, nikasimama pembeni ya Tantine, nikainua kijiko, nikafunga macho, nikapiga kifuniko.

Ba.

Na ile ba ilitoka ku mukono yangu. Nikangojea niogope. Woga haikuja. Nikapiga tena, nikafungua macho. Nikapiga tena na tena, na sauti yangu ikatoka nayo: "Enda kule. Enda kule. Enda kule."

Mambo ikafanyika mara moja, munisikilize vizuri. Ya kwanza, Usingizi akashituka, akaruka upande ya kulia, akakamata hewa, akaanguka nayo chini, akaikumbatia kifuani. Sijaonaka tena muntu ameshika hewa vizuri vile. Ya pili, bantu ba Sange, kule ngambo, balisikia mu ile kimya yote ya Kimanga kifuniko kimoja, ka, ka, ka, na balimuona gardien wetu mu vumbi na hewa yake. Yule mama mwembamba njo alianza kucheka. Na muntu hawezi kucheka na kupuliza pembe. Jaribu nyumbani. Pembe zikazimika moja moja, fuu, fuu, sawa mataa, na nafasi yake ikajaa kicheko. Gardien wa Sange akasikia bantu bake wenyewe banacheka nyuma ya mugongo yake. Akageuka aone kama kaptula yake imepasuka. Na kinyozi, muntu wa roho laini, alikuwa ameisha anza kukimbia, hakujua kusimama. Akapiga.

Mupira iliingia polepole, sawa mugeni.

Bantu ba Sange balimufuata arbitre, bamemuzunguka na pembe. Akabauliza: "Nani amemugeuza gardien wenu?" Bakasema ni kicheko. "Kicheko ya nani?" Bakaangaliana. Arbitre akaweka filimbi mu mudomo, akaonyesha katikati ya kiwanja.

Kiwanja yote iliruka. Papa Klakson aliunganisha waya, akalia, klakson na yee mwenyewe. Lakini Tantine Feza hakuruka. Alikuwa amekaa chini juu ya ile basini, amegeukia minye, mugongo ku kiwanja, mwiko imeanguka. Goli ya pekee ya Kimanga juu ya Sange mu maisha yake yote, na hakuiona. Alikuwa ananiangalia vile napiga. Kisha, wakati bamama banamuuliza umeona, umeona vile imeingia, alikuwa anajibu: "Nimeiona yote." Na machozi inamutelemukia mpaka ku shingo, juu ya ile basini yenye mama wa Sange alisema ni ya machozi.

Leo niko mukubwa, nimeisha elezewa. Najua mupira haiko samaki. Bamenieleza na gardien kwamba naye ni muntu, iko na familia. Nimekubali, lakini si sana. Kwa sababu kelele ikianza tena, na hapa kwetu inaanzaka tena, munajua, sirudi tena chini ya kitanda. Nakimbia kama inafaa kukimbia, nabeba sufuria, nabeba batoto. Lakini nakimbia na masikio wazi, na mikono yangu inajua kwamba nayo iko na kelele yake. Hii njo alinipa Tantine. Angeweza kunipa kanzu. Alinipa kifuniko, na akangojea, siku ya Mungu kisha siku ya Mungu, bila kuniambia piga. Uzito ya kungojea vile niliijua wakati nami nilipata batoto. Asante yangu kwake sijamaliza kuisema, na kuku yangu inanisaidia kila asubuhi: ti.

Ile siku ya Sange nilipiga kifuniko mpaka nyumbani. Jirani akafunga mulango, minye nikapiga. Mama alikuwa mulangoni, akanisikia kabla ya kuniona. Alifunga kitenge, akavuka mutaro, akaenda kwa jirani, akarudi na kinu ku kichwa na muchi ku mukono, akaiweka katikati ya lupango yetu, inje ya nyumba, akaanza kutwanga. Sombe haikuwako ndani. Alikuwa anatwanga kinu tupu. Yee anatwanga, minye napiga kifuniko, tunaangaliana, na mama anacheka na meno yote.

Kesho yake niliamuka nikapiga. Nikapiga kwa kunawa uso, nikapiga kwa kula, nikapiga kwa sababu baba amerudi kutoka ziwani amechoka. Muchana Tantine Feza akaja kuniangalia, akanikuta inje na kifuniko, mama ku kinu, akaingia ndani kumusalimia kaka yake. Chumba tupu. Akaita. Sauti ya baba ikamujibu kutoka chini ya kitanda:

"Kama nawe umekuja kupumuzika, dada, ingia polepole. Nafasi imebaki ya muntu moja."